Usiishie kwenye Wasia: Kutafuta Ukoo katika Mirathi za Zamani za Uingereza

Mtu anayefuatilia ukoo wenye mizizi Uingereza au Wales akiupata wasia wa babu wa mababu, kawaida hunakili majina ya watoto, akafunga faili na kwenda zake. Hapo anaacha mengi mezani. Wasia uliandikwa ili kugawa mali. Haukukusudiwa kuorodhesha ukoo, kwa hiyo unataja wanaohusika na mgawo tu. Tena ni karatasi moja tu ya shauri la mirathi lenye karatasi kadhaa.

Kwanza, mahali pa kutafuta. Tarehe ya kushika ni 12 Januari 1858. Tangu siku hiyo mirathi yote ya Uingereza na Wales hupitia mamlaka moja ya serikali, na faharasa yake ya kila mwaka, National Probate Calendar, imepangwa kwa alfabeti. Mstari mmoja humpa mtafutaji jina la marehemu, makazi, tarehe na mahali alipofia, majina ya waliopewa usimamizi, na mara nyingi uhusiano wao naye. Kosa la kila siku ni kutafuta mwaka wa kifo peke yake. Faharasa imepangwa kwa mwaka mahakama ilipotoa idhini ya kusimamia mirathi, na idhini ingeweza kuchelewa hata miongo, hasa mjane alipoendelea kuishi nyumbani na hakuna aliyeona haja ya kugawana. Anza na mwaka wa kifo, songa mbele miaka 3, kisha angalia miaka inayozunguka kifo cha mjane. Kuanzia 1858 hadi 1870 kuna jambo la ziada: waliokufa bila wasia wamo katika mfululizo wao peke yao, kwa hiyo kila mwaka hutafutwa mara mbili.

Thamani ya mali nayo inapotosha. "Under £200" ni daraja la makadirio tu, na kabla ya 1898 ardhi haikuhesabiwa humo. Mkulima mwenye mashamba anaweza kuonekana fukara kwenye faharasa.

Kabla ya 1858 mirathi ilikuwa kazi ya mahakama za kanisa, na hapa ndipo wengi hupotea njia. Mali ikiwa ndani ya eneo la arkidikoni mmoja (kiongozi wa kanisa aliye chini ya askofu), shauri lilikwenda kwake. Ikienea ndani ya dayosisi, lilikwenda kwa askofu. Marehemu akiwa na mali ya zaidi ya £5 katika dayosisi zaidi ya moja, lilipanda hadi mahakama ya askofu mkuu, York kwa upande wa kaskazini au Canterbury kwa kusini. Palikuwapo pia parokia zilizotengwa na mamlaka ya askofu wa eneo, zenye mahakama zao ndogo. Kwa hiyo tafuta ngazi zote, usikisie. Nyaraka za Canterbury ziko The National Archives, hifadhi ya nyaraka ya taifa iliyoko Kew, London, na wasia zake zilizonakiliwa rejistani (mfululizo PROB 11) hupakuliwa mtandaoni. Za York ziko Borthwick Institute, hifadhi ya nyaraka ya Chuo Kikuu cha York. Mabaharia na waliofia ng'ambo wakiwa na mali Uingereza watafute Canterbury. Mwanzoni mwa karne ya 19 utawakuta huko hata watu wa kawaida kabisa, kwa sababu Benki ya Uingereza ilikubali idhini ya mahakama hiyo pekee kwa wenye hisa za deni la serikali. Kati ya 1653 na 1660 mahakama ilikuwa moja tu, London.

Ukishaupata wasia, soma tarehe kabla ya jambo jingine. Hadi 1751 mwaka wa Uingereza ulianza 25 Machi. Wasia ulioandikwa 10 Machi 1710 ukathibitishwa 2 Aprili 1711 unaonekana umekaa zaidi ya mwaka mzima. Kwa hesabu yetu Machi ile ni ya 1711, yaani siku 23 tu zilipita: mtu aliandika akiwa mgonjwa wa kufa. Andika tarehe kama hiyo 1710/11 ili wewe mwenyewe usije ukajichanganya baadaye. Sehemu ya uthibitisho chini ya wasia iko kwa Kilatini hadi 1733, isipokuwa miaka ya 1650. Usiiruke. Humo ndimo lilimo jina la aliyepewa usimamizi, na neno "relicta" linakuambia kwamba ni mjane wa marehemu.

Fedha pia zina mwandiko wake. "vjs viijd" ni shilingi 6 na peni 8. Ile "j" ya mwisho ni "i" iliyorefushwa mkia. Shilingi 20 zilifanya pauni na peni 12 zikafanya shilingi, kwa hiyo kiasi hicho ni theluthi kamili ya pauni. Ukikiona kinajirudia, usidhani karani alikosea.

Maneno ya udugu ndiyo yenye mitego mikubwa zaidi. "Son-in-law" katika wasia wa karne ya 17 anaweza kuwa mtoto wa kambo. "Cousin" mara nyingi ni mpwa, na "nephew" huweza kuwa mjukuu. "Brother" huenda ni shemeji. Msomaji wa Kiswahili asishangae, maana hata sisi neno "ndugu" halimfungi mtu kwa tumbo moja. "My now wife" inamaanisha mke aliye hai wakati wa kuandika, na haithibitishi kwamba alikuwapo mwingine kabla yake. Andika neno lenyewe kama lilivyo, na tafsiri yako iweke kwenye safu nyingine.

Kisha kuna wasiotajwa. Mwana wa kwanza akikosekana, usimwandike amekufa wala amefukuzwa: mtu alipokufa bila kuusia ardhi yake, sheria ilimpa mwana huyo, na ilikuwa hivyo hadi mwisho wa 1925. Binti aliyeolewa huenda alichukua fungu lake siku ya ndoa. Shilingi moja aliyoachiwa mtoto huwa mara nyingi dalili ya fungu lililokwisha kutolewa, watu wanaiharakisha mno kuita laana. Mwanamke aliyeolewa, kabla ya sheria ya 1882, hakuweza kuusia mali bila ridhaa ya mume, kwa hiyo wasia za wanawake utazipata zaidi kwa wajane na wasioolewa.

Na hao wasioolewa ndio hazina yenyewe. Shangazi asiye na mtoto aligawa vijiko, mashuka na pauni chache kwa wapwa wote, akimtaja kila mmoja na baba yake, na pengine na kijiji chake. Wasia mmoja wa namna hiyo unaweza kuunganisha familia tatu ambazo vitabu vya ubatizo viliziacha mbalimbali. Tafuta kila mwenye jina la ukoo katika parokia na parokia za jirani, hata kama si wa mstari wako. Unapotafuta mtandaoni, tumia alama ya nyota (*) badala ya herufi zinazoyumba, na jaribu makosa ya wanaosoma mwandiko wa zamani: S husomwa L au F, T husomwa J.

Sharti la umri ni kipimo kizuri. "Atakapofika miaka 21" linamweka mtoto chini ya umri huo siku ya kuandikwa, hivyo unapata mpaka wa mwaka wa kuzaliwa.

Orodha ya mali, iliyokuwa ya kawaida hadi katikati ya karne ya 18, ilitayarishwa na majirani wachache waliopita chumba hadi chumba, wakianza na mkoba wa fedha na mavazi. Majina yao yanafaa kufuatwa, kwani baadhi yao ni wakwe. Kwa miaka ya 1796 hadi 1903 angalia rejista za kodi ya mirathi (IR 26, Kew). Kiwango cha kodi kilifuata ukaribu wa damu, kwa hiyo karani alilazimika kuandika uhusiano wa kila mrithi, na mara nyingine rejista huendelea kuongezewa habari miaka mingi baada ya kifo.

Wasia za Devon na Somerset zilizokuwa Exeter ziliteketea kwa mabomu mwaka 1942. Kwa kaunti hizo anzia kwenye nakala zilizotengenezwa kwa ajili ya kodi hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1810 hadi 1857. Kabla ya hapo, zimulike zile za Canterbury, maana hizo hazikuwa Exeter wakati inaungua.