Siku Moja Maishani Mwangu: Wageni 12 Katikati ya Msimu wa Joto

Kazi yangu ni kuandaa nyumba za watu wanapotarajia wageni wachache. Harusi na sherehe kubwa nawaachia wengine. Mimi nashughulika na meza moja, watu wanane, kumi, wakizidi sana ni kumi na wawili, na kazi zangu nyingi huja msimu wa joto, wakati watu wanatamani kukaa pamoja lakini wanaogopa usumbufu. Siku ninayowasimulia ni Alhamisi iliyopita.

Saa 11:00 alfajiri. Kila kinachohitaji moto nakifanya saa hizi. Niliwasha oveni nikaoka kuku, nikachemsha mayai, na wakati huohuo nikapiga pasi vitambaa vya meza. Jua likishapanda sitaki kuona oveni wala pasi ikiwaka, kwa sababu joto lake hubaki ndani ya kuta. Vitambaa vyangu ni vya kitani, na kitani kina tabia yake: kipige pasi kikiwa bado na unyevu, la sivyo mikunjo haitoki hata ukiegemea pasi kwa nguvu zako zote. Mikunjo midogo inayobaki naiacha. Naipenda. Inamwambia mgeni kwamba hapa anaweza kuweka viwiko mezani.

Kuku alipoiva nilimkata vipande, nikavitandaza kwenye trei pana ili vipoe upesi, kisha vikaingia kwenye friji. Ukimwacha mzima ndani ya sufuria yenye kifuniko, katikati atakaa na uvuguvugu kwa saa nyingi, na uvuguvugu huo ndio bakteria wanaoupenda.

Saa 1:00 asubuhi. Maua. Nayakata asubuhi, mashina yakiwa yamejaa maji ya usiku. Nakata kwa mshazari, napukutisha majani yote yatakayozama majini, kwa kuwa yakioza maji yananuka na maua yanakufa mapema. Jambo moja watu wengi hawalijui: usiweke maua karibu na bakuli la matunda yaliyoiva. Ndizi na tufaha zikiiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huyazeesha maua.

Saa 3:00 nilikuwa mlangoni kwa mteja wangu, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anawapokea ndugu zake baada ya kutoonana muda mrefu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja na kikapu kimoja tu?"

Alikuwa na orodha ya vyakula kumi na vitano, imeandikwa kwa mkono pande zote mbili za karatasi. Sebuleni kulikuwa na zulia zito, mito ya mahameli nyekundu na mishumaa minene mezani. Nilikaa naye jikoni tukaisoma orodha ile pamoja, chakula kimoja baada ya kingine, na kila kimoja nilimuuliza: mama, hiki atakipika nani, saa ngapi, na wewe utakuwa wapi wakati huo? Tulipofika cha sita alinyamaza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lakini watasema sina kitu."

Maneno hayo nayasikia karibu kila nyumba ninayoingia, na kila mara yananigusa. Nilimweleza kisa changu. Miaka ya mwanzo ya kazi hii niliwahi kujaza meza ya mchana kwa vyakula vya kila aina, saladi ya mayonesi ikiwa katikati, nje, palepale penye joto. Ikakaa saa tatu. Usiku ule watu wanne waliugua tumbo, mmoja wao mtoto. Tangu hapo naheshimu saa kuliko menyu: chakula kinachoharibika hakikai nje ya friji zaidi ya saa mbili, na hewa ikizidi nyuzijoto 32, ni saa moja tu. Kwa hiyo meza yenye vyakula kumi na vitano msimu wa joto ni vyakula kumi na vitano vya kuvilinda.

Tulibaki na vitano: kuku baridi, mayai, saladi ya matango, mkate, matunda. Yeye mwenyewe ndiye aliyechora mistari kwenye vile vingine.

Saa 4:00 hadi saa 6:00 kazi ilikuwa ya kuondoa. Zulia tulilikunja, sakafu ikabaki wazi, na nyayo zikapata ubaridi mara moja. Mito ya mahameli ikaingia kabatini, ikatoka mito yenye foronya nyeupe za pamba. Mapazia ya upande wa jua tukayafunga kabla jua halijafika dirishani. Ukingoja lifike umeshachelewa. Binti ninayefanya naye kazi aliniuliza, "Dada, sasa tunapamba na nini?" Nikamwambia tumeshapamba. Chumba kilionekana kikubwa mara mbili, na maua meupe machache kwenye jagi la udongo yalitosha.

Saa 6:00 mchana. Tikitimaji. Kabla ya kisu, linaoshwa ganda lote kwa maji yanayotiririka, kwa sababu kisu huburuta uchafu wa ganda na kuupeleka ndani ya nyama tunayoila. Zaidi ya asilimia 90 ya tunda hili ni maji, tango nalo linalizidi, na ndiyo maana siku za joto navipa nafasi kubwa mezani kuliko chakula kizito. Vipande vikaingia frijini vikiwa vimefunikwa.

Vinywaji navipooza kwenye beseni. Wengi hujaza barafu tupu wakapachika chupa juu yake, kisha wanashangaa zinachelewa kupoa. Ongeza maji. Barafu tupu hugusa chupa sehemu chache, maji huizunguka yote. Ukiwa na haraka, tupia na chumvi viganja viwili, maji yatashuka chini ya sifuri bila kuganda. Kwa jagi la maji ya limau na mnanaa nagandisha barafu usiku kwenye bakuli, donge moja kubwa, maana donge kubwa huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo na maji hayapoozi ladha upesi.

Saa 8:00. Hakuna kilichofanyika. Nyumba imefungwa, feni inazunguka, mama nimemwomba akalale. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akaenda. Mimi na binti tulikaa sakafuni tukinywa maji. Saa hii naipigania kila mahali ninapofanya kazi, maana mwenyeji aliyechoka huonekana usoni hata kama meza yake ni nzuri.

Saa 10:00 alasiri tulitoa meza barazani, tukaigeuza ili mtu yeyote asitazame jua linalotua. Feni tuliiweka chini, usawa wa miguu, kwa ajili ya mbu: mbu ni dhaifu wa kuruka, upepo wa feni humshinda, na pia hutawanya hewa tunayoipumua, ambayo ndiyo inayomwongoza kwetu. Mishumaa minene ilibaki kabatini. Tulitundika kamba ya taa ndogo za LED, zisizotoa joto la kusumbua.

Saa 12:00 jioni wageni waliingia. Mama alikuwa amevaa gauni pana la pamba, rangi ya maziwa, hana hata tone la jasho. Nilileta nusu tu ya chakula, nusu ikabaki kwenye friji, na nilipoona sahani zinakaribia kwisha ndipo nikatoa iliyobaki, baridi kama ilivyoingia. Jagi, glasi na koleo la barafu niliviweka mkono wake unapofika, ili asipate sababu ya kusimama. Alisimama mara moja tu, kumkumbatia dada yake aliyechelewa, wakakumbatiana muda mrefu hadi wengine nao wakanyanyuka.

Saa 2:00 usiku chakula chote kilikuwa kimeondolewa mezani. Hakuna aliyeuliza kulikuwa na vyakula vingapi. Walikuwa wanacheka kuhusu mambo ya utotoni, na mimi nilifungua madirisha ya pande zote mbili za nyumba ili hewa ya usiku ipite.

Saa 4:00 nilikuwa nyumbani kwangu. Kitambaa kimoja cha meza kilikuwa na doa la tikitimaji, nikalisugua kwa maji baridi, nikakisuuza, nikakikunja kwenye taulo kikiwa bado na unyevu. Ijumaa nilikuwa na watu wanane, na pasi ningeiwasha saa 11:00.