Nilivyoweka malengo ya tabianchi kwenye mgahawa wangu, na pilau ilivyonikwamisha

Nina mgahawa mdogo Sinza, Dar, sahani kama 70 kwa siku, nusu wanakula palepale na nusu tunapeleka maofisini kwa boda. Sasa mwaka juzi ofisi moja tunayowalisha mchana wakanitumia fomu ya watoa huduma, mambo ya kawaida tu, TIN, leseni, akaunti ya benki, halafu ukurasa wa mwisho wameuliza malengo ya biashara yako kuhusu mabadiliko ya tabianchi ni yapi. Nikacheka. Nilijua hayo ni ya viwanda vya saruji huko, mimi na sufuria zangu nne nahusikaje? Ila oda ile ndo inayolipa kodi ya fremu kwahiyo nikaingia mtandaoni nikakuta makampuni yameandika kufikia sifuri ya hewa ukaa ifikapo 2050, na mimi nikanakili hivohivo.

Dada wa manunuzi akanipigia siku ileile, "Dadangu, 2050 sote tumeshazeeka, we niambie mpaka mwezi wa sita utakuwa umepunguza nini." Nikabaki kimya, maana kiukweli hata mkaa nachoma kiasi gani nilikuwa sijui, ukiisha nanunua basi.

Ndo nikanunua daftari. Gunia likiingia linaandikwa, mtungi wa gesi, LUKU, mafuta ya boda, na chakula kinachomwagwa jioni tunakiweka kwenye mzani. Wiki nne tu. Muda wote nilikuwa namlaumu friza kumbe mkaa ndo unanimaliza, magunia 9 kwa mwezi! Na wali na ugali wa kumwaga kilo 6 kila siku, hapo ndo niliumia zaidi maana ile ni hela yangu naiona inaenda kwenye ndoo. Halafu mkaa una deni ambalo jikoni hulioni, kwenye yale matanuri ya udongo porini kilo moja ya mkaa inakula kuni kilo 5 hadi 10, yani moshi mwingi umeshatoka kabla gunia halijafika Dar.

Kosa langu nikaandika malengo saba kwa mpigo. Sola, miti, baiskeli, sijui nini. Sola mwenye nyumba akakataa, hataki mtu atoboe bati lake. Miche tuliyopanda pale mbele ikaliwa na mbuzi. Mwezi wa pili hamna hata moja lililosogea na vijana wangu washaanza kuniita mama mazingira.

Nikafuta yote nikabakiza matatu, kila moja na namba yake, mwezi wake na mtu wake. Mkaa kutoka magunia 9 hadi 3, huo wa mpishi. Chakula cha kumwaga kutoka kilo 6 hadi 2, hicho changu. Safari za boda kutoka 5 hadi 2 kwa siku, hizo za kijana wa kupeleka. Mwisho mwezi wa sita.

La chakula lilikuwa jepesi, oda mwisho saa tatu asubuhi kwa wasap, ukichelewa unakula kilichopo. Wiki mbili walinuna wakazoea, tukashuka mpaka kilo 2 na zikabaki hapo. Boda nayo tukapanga kwa mitaa badala ya kukimbiza kila simu inayoita.

Mkaa ndo vita. Maharage yalikuwa yanachemka tangu alfajiri, nikanunua presha kuka mbili za umeme, mpishi akaziangalia kama nimemletea mke mwenza. "Mama, maharage bila moshi si dawa ya hospitali hayo?" Na siku ya kwanza kweli yalikuwa maji matupu, kumbe tulipima maji kama ya kwenye sufuria wakati mle ndani mvuke hautoki. Tukapunguza maji, tukawa tunaloweka usiku, na nazi tunaungia kwenye gesi mwishoni. Akanyamaza. Siku hizi mtu akigusa zile kuka anafokewa. Kwa LUKU yangu elfu moja nilikuwa napata uniti 2.8 na mzunguko mmoja wa maharage haumalizi hata uniti moja, ukikumbuka bei ya gunia unaweza ukalia. Umeme ukikatika tunahamia gesi, na gesi nayo si takatifu, kilo moja ikiungua inatoa karibu kilo 3 za hewa ukaa, kwahiyo na yenyewe inaandikwa daftarini.

Kilichonishinda ni pilau ya Ijumaa. Pilau lazima ipaliwe, mkaa juu ya mfuniko, nimejaribu kuipika kwa gesi tupu wateja wangu wa msikitini wakaniuliza kama mpishi amefukuzwa. Basi mwezi wa sita umeisha tuko magunia 4, si 3. Nikaandika kwenye fomu vilevile, lengo 3, tumefika 4, sababu pilau.

Dada wa manunuzi akajibu, "Hongera dada. Hiyo pilau mbona huku hamtuletei?" Sasa wanachukua sahani 15 kila Ijumaa, na gunia la tano nalinyatia.