Wanyama wa Kwenye Sarafu

Binti yangu ana miaka mitano, na wanyama wengi anaowajua amewajulia kwenye fedha. Kila jioni ninaporudi nyumbani Kimara, Dar es Salaam, humwaga chenji yangu mezani, naye huipanga kwa makundi: faru kwenye sarafu za shilingi 50, swala kwenye 100, simba kwenye 200 na nyati kwenye 500. Noti nazo anazijua, kwa kuwa simba yumo tena kwenye 2,000, faru kwenye 5,000 na tembo kwenye 10,000. Siku moja akaniuliza iwapo wanyama hao wapo kweli au ni wa kuchora tu kama wale wa katuni. Swali hilo lilinikaa moyoni. Watu huvuka bahari na mabara kuja kuwaona wanyama wa nchi hii, na mwanangu aliyezaliwa hapa hapa hakuwa amemwona hata mmoja wao akipumua. Safari ya Mikumi au Ngorongoro ilikuwa juu ya uwezo wangu kwa wakati huo, lakini Kigamboni kuna bustani ya wanyama, na Kigamboni ni ng'ambo tu ya maji.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi, mama yake akiwa ametufungia chapati na chupa ya maji. Basi la mwendokasi lilitufikisha Kivukoni bila taabu, mtoto nikiwa nimempakata. Tuliposhuka, harufu ya soko la samaki la Feri ilitupokea, na juu yake kelele za kunguru. Aliuliza kama kunguru naye yupo kwenye hela. Nilimwambia hayupo, na kwamba kunguru hawa wenye shingo ya kijivu asili yao ni India. Waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, kisha wakaenea mwambao mzima. Alimtazama mmoja aliyekuwa akiburuta utumbo wa samaki, akasema, “Basi ni mgeni.”

Lango la pantoni lilipofunguliwa watu walisukumana, na katika msongamano huo kandambili yake moja ikamvuka. Sikuweza kurudi nyuma, kwani baiskeli na mikokoteni ilikuwa inatufuata. Tulipokuwa tumekwisha simama ndani, mama mmoja aliyekuwa na ndoo ya samaki kichwani alipenya hadi tulipo, akasema, “Baba, kiatu cha mtoto hiki hapa.” Binti yangu alimwamkia shikamoo kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake mbele ya mtu asiyemjua. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache tu. Ng'ambo tulipanda daladala, kisha bajaji.

Nilikuwa nimemwandaa kwa ajili ya simba. Njia nzima nilimweleza kuhusu ngurumo yake, ambayo usiku mtulivu husikika umbali wa kilomita kadhaa, na nilihofia kwamba angeogopa. Tulimkuta amelala. Nilisikitika kwa niaba yake, nikaanza kumfariji kwamba simba huweza kulala au kupumzika hata saa 20 kwa siku, lakini yeye hakuwa akinisikiliza. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya kizuizi, macho yake yamelielekea tumbo la mnyama yule, ambalo lilikuwa likipanda na kushuka taratibu. Nzi akatua juu ya sikio, sikio likatikisika, nzi akaruka na kurudi. “Baba,” alininong'oneza, “anapumua kama babu.” Nilichuchumaa kando yake. Kwa kweli, kama si yeye, ningekwisha pita.

Kwa kobe ndipo tulipokaa zaidi. Mtunzaji, mzee mpole aliyevaa mabuti ya mpira, alimpa jani la kabichi alishike kwa ncha. Kobe alinyoosha shingo yenye makunyanzi, akafungua mdomo usio na jino hata moja, akalikata jani kwa ukingo mgumu wa mdomo wake, likabaki na pengo la duara. Binti yangu alitaka kujua kobe huenda wapi anapotoka ndani ya nyumba yake. Mzee alimjibu kwa uzito uleule ambao angemjibu mtu mzima: gamba si nyumba, limeungana na mbavu na uti wa mgongo, na ukiligusa yeye anahisi. Mtoto alinyoosha kidole, akakirudisha, kisha akaligusa gamba kwa upole kama anayempapasa mtoto mchanga. Mbuni tulimwona pia, tukahesabu vidole vyake viwili kwa kila mguu.

Ndipo akauliza, “Na faru yuko wapi?”

Ilinibidi nimweleze kwamba faru hayupo Dar es Salaam, kwamba ukitaka kumwona itakubidi ufike mbali, Ngorongoro au Mkomazi, ambako analindwa usiku na mchana, kwa sababu majangili waliwaua faru wengi mno kwa ajili ya pembe. Aliuliza pembe hiyo imetengenezwa na nini. Nikamwambia ukweli, kwamba asili yake ni ileile ya kucha zetu. Alikunjua mkono, akazitazama kucha zake moja baada ya nyingine, na kwa muda mrefu hakusema neno. Sijui kama nilifanya vema kumweleza yote hayo akiwa na umri huo, ila sikuona njia ya kumjibu swali lile kwa uongo.

Katika daladala ya kurudi Feri nilimpa sarafu ili amlipe konda yeye mwenyewe, jambo analolipenda. Alitoa simba, akatoa swala, kisha akasita. Konda aliyazungusha macho kwenye kiganja chake, akasema, “Bado hamsini, mama.” Binti yangu alifumba ngumi.

“Huyu hapana,” alisema. “Huyu bado hatujamwona.”

Nilitoa mfukoni sarafu nyingine ya mia, nikampa konda, na chenji sikuidai.