Siku baba mdogo alipopeleka utani kwenye posa

Mwaka 2013 kaka yangu alipata mchumba Mpare, na sisi ni Wachaga wa Marangu, sa mnajua wenyewe hapo kuna utani wa tangu mababu. Msibani kwetu Mpare anaweza akaigiza marehemu alivyokuwa anatembea na akadai hela ya soda juu, na hamna wa kumnunia. Baba mdogo ye aliubeba huo utani akapanda nao kwenye gari.

Ukweni ni milimani Upare ya kusini huko juu ya Same, wanakolima tangawizi, na familia ni Wasabato, kwa hiyo mbege ikabaki nyumbani tukabeba makreti ya soda, na siku ikawa jumapili maana jumamosi wako kanisani. Mi nilikuwa kijana wa kubeba mizigo tu. Mshenga wetu alikuwa mzee mmoja mwalimu mstaafu, njia nzima toka Moshi kaongea kidogo sana, ila tulivyofika Same mjini akasimamisha Noah akasema, "Kule anaongea mmoja. Hata mkiulizwa mmekunywa maji, niangalieni mimi kwanza." Tukaitikia wote. Na baba mdogo kaitikia kwa sauti kuliko sisi wote.

Kuanza kukaenda vizuri tu. Tukalipishwa hela ya hodi, hela ya kufungua mdomo, chai ya tangawizi ikazunguka. Kilichonishangaza ni mshenga, kila akiulizwa swali anatulia, anashika kikombe, anakirudisha mezani, ndo anajibu, na jibu lenyewe maneno manne matano. Mi nikawa nahisi mzee kasinzia. Wakataja ng'ombe, ye akasema "tumesikia wazee wetu", basi, hakupinga hakukubali. Wakataja na mbuzi na mkaja wa mama, akasema hivyohivyo.

Sa mzee mmoja wa upande wao akawa anahesabu ng'ombe upya, si ndo baba mdogo akadakia: "Punguzeni jamani, si tunajua Mpare anauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, hawa wote mtawamalizia mahakamani!" Akacheka mwenyewe.

Huo utani Tanzania nzima inaujua, Wapare wenyewe wanautania. Ila hatukujua kwamba baba wa binti na kaka yake, yule baba mkubwa aliyekaa pale kwenye kona na koti lake, walikuwa na kesi ya mpaka wa shamba inayoendelea muda huohuo na walikuwa hawasemeshani, na kumbe wazee wa ukoo walihangaika wiki nzima kuwabembeleza wakae chumba kimoja kwa ajili ya binti tu. Baba mkubwa akainuka, akachukua fimbo yake, akatoka. Hata hakugombana.

Baba mdogo akaanza "jamani si watani..." mzee mmoja akamkata kwa upole kabisa: "Mwanangu, utani upo, haujafa. Lakini leo hukuja hapa kama mtani, umekuja kuomba mke."

Mi pale nikategemea mshenga atajitetea, aseme hatukujua, maana kweli hatukujua. Hakusema hivyo. Akakaa, muda ukapita mpaka kaka yangu akaanza kutetemeka mguu, alafu akasema, "Wazee, lile neno limetoka upande wetu, ni letu. Tupimieni faini." Akanyamaza tena.

Tukapimiwa beberu na blanketi la bibi juu ya yale mengine. Ila mahari hayakupokelewa, hapo ndo tulipoumia, kwa sababu bila baba mkubwa kukaa hapakuwa na wa kuyapokea, tukaambiwa turudi baada ya mavuno. Tukashuka na hela yetu kwenye bahasha vilevile tulivyopanda nayo.

Mnadhani baba mdogo alinyamaza? Kurudi Moshi akaanza kutueleza eti Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ni halali hata mahari yasipolipwa. Kweli inasema hivyo, lakini nani umpelekee hiyo habari ukweni. Mshenga alikuwa mbele pembeni ya dereva, kaegemea dirisha kafumba macho, na nina uhakika hakuwa amelala.

Baada ya mavuno tulirudi, yakaisha, kaka ana watoto watatu sahivi na shemeji huwa anatuhadithia hiyo siku akicheka mpaka machozi. Baba mkubwa alikuja kupokea, beberu akala. Baba mdogo safari hiyo aliachwa Same mjini analinda gari la mizigo ambalo halikuwa na mzigo wowote, na posa yangu mimi ilivyofika akapewa kazi hiyohiyo. Mpaka leo anadai alionewa.