Ndiye huyo sasa

Mama Njeri aliyasema Jumanne, mbele ya fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, bila hata kuinua macho kwenye simu: "Ndiye huyo sasa." Mpaka leo hayajanishuka kooni.

Mnalijua boya langu la kukalia nikivua samaki, lile Njeri huliita kiti cha mtoto. Unaketi katikati, miguu inaning'inia majini na mapezi ya mpira, na kila teke linakupeleka nyuma, mgongo ukitangulia, ili ndoana na mshipi vibaki mbele ya macho. Hivyo ndivyo lilivyoundwa. (Silipeleki Naivasha, msianze tena. Viboko wale hawajui boya wala baba wa watu. Naenda mabwawa ya Limuru, ambako maji ni ya baridi tupu.) Basi goti la kulia limegoma. Kupanda daraja la miguu naweza. Kushuka ndiko nashikilia chuma kama mlevi. Matatu ikikwama Waiyaki Way, goti likiwa limekunjwa, ndipo naona nyota mchana.

Fizio ni msichana mdogo, mpole. Akabonyeza kandokando ya pia ya goti, akaniambia mapezi haya niliyopewa na binamu wa Kilifi ni ya wapiga mbizi, marefu na magumu. Nikinyoosha goti dhidi ya maji, msuli wa mbele wa paja unaikandamiza pia hiyo ya goti kwenye mfupa, mamia ya mara kwa siku. Nikigeuka kwa teke la mguu mmoja, pezi linalisokota goti. Nitafute mafupi, teke litoke kwenye nyonga, liwe dogo. Mpaka hapo sina neno.

Halafu akauliza, "Kwa hivyo, mzee, unaketi tu halafu unarudi nyuma mpaka jioni?"

"Ndiye huyo sasa."

Wakacheka. Nami nikacheka, na hicho ndicho kinachoniuma kuliko goti. Wiki hii Njeri ameitwa chuo kikuu, ofisini wameiunganisha idara yetu na stoo, lakini mimi nikiwa kwenye foleni ya benki nawaza: alimaanisha ile kazi ya Kisumu niliyoikataa? Kile kiwanja cha Kitengela? Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza, "Pale ulimaanisha nini?" Akasema, "Pale wapi?"

Pale wapi!

Jana usiku nilikuwa nimelala chali nikifanya mazoezi: mguu umenyooka, unauinua, unahesabu hadi kumi, unaushusha taratibu. Akaingia, akasimama, akasema, "Unaukunja, Baba Njeri." Akashika kisigino, akaanza kuhesabu yeye. Alipofika saba akauliza kama huko bwawani kuna kivuli cha mtu kukaa, asiyevua. Nikamwambia kipo, miti imejaa. Akaendelea, nane, tisa. Nilisahau kabisa kwamba nilikuwa nimenuna. Fizio amesema nisiingie majini mpaka ngazi zisiume, lakini kivulini anaweza kukaa hata mwenye goti bovu.

Ila ule mtungi wa gesi umeanza kunuka tena pale kwenye reguleta. Nimepaka povu la sabuni, sioni kiputo hata kimoja, na harufu ipo. Nimeufunga na kuutoa nje, nikauweka kwenye roshani. Kesho ni Jumapili na fundi hashiki simu.