Ile hela tuma kwenye namba hii

Hizi meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zamani nilikuwa nazicheka, ikiingia nasema hawa vijana hawana kazi, nafuta. Siku hizi sicheki. Jamaa hawanijui na wala hawahitaji kunijua, maana Dar hii nani hana hela anayotakiwa kutuma mahali? Kodi ya miezi sita, mchezo, marejesho ya mkopo, ada, michango ya harusi ndo usiseme. Wao wanarusha tu kwa watu kibao, na lazima itamkuta mmoja ambaye dakika hiyohiyo anavaa viatu aende kutuma. Huyo akipigwa mnamwita mshamba, kumbe muda tu umegongana.

Wiki iliyopita niko kwa wakala Mbagala Rangi Tatu, mbele yangu kuna mama kafunga hela ya kodi kwenye ncha ya kitenge, anamuonyesha dada wa kibandani meseji kwamba baba mwenye nyumba kabadilisha namba. Dada akaingiza namba, jina likaja, akauliza mama hili jina unalijua? Mama anajibu kwa kujiamini kabisa, "ndo hilohilo, kaandika litakuja hivyo." Nilichoka. Yaani jina linatokea kabla ya namba ya siri ili ushtuke, halafu hawa watu wameshakuwahi, unaliona jina la mtu usiyemjua na ndo kwanza unatulia! Dada wa watu akagoma kutuma, akasema mpigie kwanza kwenye namba yake ya siku zote. Mama kanuna, sisi wa nyuma tunalalamika foleni haisogei (na mimi nikiwemo), simu ikapokelewa, mzee hajabadilisha namba wala nini.

Kuna wale wengine wa "samahani ndugu nimekosea kutuma, nirudishie". Hao wanatanguliza meseji inayofanana kabisa na ya muamala ila imetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, we ingia kwenye menyu uangalie salio lako, usiamini meseji. Na anayejiita huduma kwa wateja wakati anapiga na namba ya kawaida, anakuharakisha umtajie namba ya siri, mkatie tu. Huduma kwa wateja ni 100, ukiwa na shida utawapigia mwenyewe. Mi meseji za hivyo natuma namba ya tapeli kwenda 15040 ya TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, halafu nikikumbuka napiga *106# nione laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu cha NIDA, maana siku jina litakalokuja kwenye simu ya mama wa watu lisije likawa langu.

Bi mkubwa wangu yuko Tanga, nilimsisitiza sana, mtu yeyote akikwambia ni mimi na nimebadilisha namba usimpe hata mia. Akasema sawa mwanangu. Basi juzi simu imezima chaji niko Kariakoo, nauli sina, nikaazima simu ya muuza mitumba nimpigie anirushie buku mbili tu kwenye namba ya yule kaka. Mama kanisikiliza mpaka mwisho, kwa upole kabisa akasema, "baba, katafute kazi ya halali," akakata. Kupiga tena hapokei, kani-block.