Ruzuku ya ng'ombe soko likianguka: pesa humfikia nani?

Bei ya ng'ombe ikiporomoka ghafla, swali la kwanza huwa serikali itatoa shilingi au dola ngapi. Kiasi kina uzito wake. Ila kabla ya kiasi, soma kifungu kinachosema malipo yanatoka kwa tukio gani: ng'ombe akiuzwa, akichinjwa, au akibaki zizini? Na siku ya tukio hilo, mwenye ng'ombe ni nani? Hapo ndipo mfugaji hupata au hukosa.

Kanada ililipia somo hili kwa bei kubwa. Tarehe 20 Mei 2003 ilitangazwa kwamba ng'ombe mmoja wa Alberta amekutwa na ugonjwa wa ng'ombe kichaa. Marekani ikafunga mpaka, nchi nyingine zikafuata, na wafugaji waliozoea kuuza nje wakabaki na mifugo isiyo na pa kwenda. Machinjio ya ndani hayakuwa na uwezo wa kuwapokea wote. Serikali ikaleta mpango wa kufidia sehemu ya pengo kati ya bei ya soko na bei ya rejea, yaani bei iliyowekwa kama kipimo. Fidia hiyo, hata hivyo, ilitoka pale tu ng'ombe anapochinjwa, na mfuko wenyewe ulikuwa na kikomo.

Kila mwenye ng'ombe akataka kuwahi kabla fungu halijaisha. Wote wakapanga foleni kwenye machinjio yaleyale machache. Mnunuzi naye alijua kwamba akishusha bei, muuzaji bado atakubali, kwa kuwa serikali itaongeza juu yake. Bei ya ng'ombe hai ikazidi kuzama. Mkaguzi Mkuu wa Alberta alipochunguza mwaka 2004, alikuta faida za viwanda vikubwa vya nyama zimepanda sana. Haikuhitaji njama yoyote. Muundo wa malipo ulitosha. Kwa maoni yetu, hili ndilo kosa baya kuliko yote katika misaada ya aina hii, na linarudiwa kwa sababu kulipa kwenye mlango wa machinjio ni rahisi kukagua: ng'ombe anahesabika mara moja na hawezi kuhesabiwa tena.

Septemba 2004 Kanada iligeuza mkondo na kuanza kulipa ng'ombe wasipelekwe sokoni kwa muda. Wenye mazizi ya kunenepesha walitaja kiasi ambacho kila mmoja angekubali kulipwa kwa siku ili amshikilie ng'ombe, na waliotaja kidogo wakapewa nafasi kwanza. Foleni ikapungua, nguvu ya mnunuzi ikapungua nayo. Mwaka 2020, viwanda vya nyama vilipofungwa kwa sababu ya korona, Kanada ilirudi kwenye njia hiyohiyo.

Kushikilia ng'ombe kuna gharama yake, na wengi huikosea hesabu. Ng'ombe wa kilo 600 anakula takriban asilimia 2 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 12 za chakula kikavu. Kwa siku 60 ni kilo 720. Kwa ng'ombe 40 ni karibu tani 29. Punguza nafaka, ongeza majani makavu, ili mwili usimame badala ya kuendelea kunona. Asiyebadilisha mchanganyiko hupata hasara mara mbili: analipia chakula cha bei ghali, kisha machinjio yanamkata bei kwa sababu mzoga ni mzito kupita kiasi na una mafuta mengi. Badilisha polepole, kwa siku kadhaa, maana tumbo la ng'ombe aliyezoea nafaka halipendi mageuzi ya ghafla. Jumlisha gharama hizo kabla hujataja kiasi chako cha siku, na uweke humo pia vifo na riba ya mkopo.

Marekani mwaka huohuo wa 2020 ilichukua njia nyingine: malipo ya moja kwa moja kwa kila ng'ombe, chini ya mpango uliojulikana kama CFAP. Ng'ombe waliouzwa kati ya tarehe 15 Januari na 15 Aprili walilipiwa kwa madaraja. Ng'ombe wa kunenepesha wa chini ya ratili 600 (kama kilo 272) dola 102, wa ratili 600 na zaidi dola 139, aliyenona tayari kwa kuchinjwa dola 214, na mzee wa kuchinjwa dola 92. Waliokuwa bado zizini kati ya tarehe 16 Aprili na 14 Mei walilipiwa dola 33 tu kila mmoja, kwa idadi ya juu kabisa ambayo mfugaji alikuwa nayo katika kipindi hicho. Kikomo cha jumla kilikuwa dola 250,000 kwa mtu mmoja.

Chukua kundi la ng'ombe 120. Mfugaji ameuza 40 wa daraja la dola 139 kabla ya tarehe 15 Aprili: anapata dola 5,560. Waliobaki 80 kwa dola 33 ni 2,640. Jumla 8,200, ingawa malipo ya mwanzo yalikuwa asilimia 80 tu ya hiyo, yaani 6,560. Jirani yake mwenye kundi linalofanana, aliyeuza wale 40 tarehe 20 Aprili, anahesabiwa ng'ombe 120 kwa dola 33: dola 3,960. Siku chache, na kwa hesabu kamili tofauti ni dola 4,240. Na aliyechelewa ndiye huenda aliuza kwa bei mbovu zaidi, kwa sababu viwanda vingi vilikuwa vinafungwa wakati huo. Wafugaji walilalamika, na walikuwa na haki. Awamu ya pili ya mpango ilirekebisha kwa kiasi: dola 55 kwa kila ng'ombe wa nyama, mfugaji akichagua mwenyewe siku ya hesabu kati ya tarehe 16 Aprili na 31 Agosti, lakini majike na madume ya kuzalisha wakaondolewa kwenye hesabu.

Kuna njia nyingine ambayo haisemwi sana: kumsaidia mnunuzi afike. Mwaka 2006, wakati wa ukame wilayani Moyale kusini mwa Ethiopia, idara ya serikali ya masoko ya mifugo na shirika la Save the Children waliwaunganisha wafanyabiashara na wafugaji, na wafanyabiashara wawili wakapewa mikopo ya dola 25,000 kila mmoja. Ng'ombe wapatao 20,000 walinunuliwa, kwa thamani ya takriban dola milioni 1.01. Fedha kidogo ya umma ilivuta fedha nyingi ya biashara. Njia hii hufanya kazi iwapo ng'ombe bado wana nyama. Wakishakonda, hakuna mfanyabiashara atakayewapakia kwenye lori hata akikopeshwa.

Njia yoyote itakayotumika, daftari ndilo linalolipwa. Hesabu kundi mwishoni mwa kila mwezi, ukitenganisha ndama, mitamba, maksai, majike ya kuzalisha na madume, na uandike namba za hereni. Andika vizazi na vifo siku vinapotokea. Hifadhi risiti za mnada zenye tarehe na uzito. Bila karatasi ya mizani, ng'ombe wa kilo 275 hana cha kuthibitisha kwamba amevuka mpaka wa daraja. Ng'ombe akinenepeshwa kwenye zizi la mtu mwingine, mkataba useme wazi nani anabeba hasara bei ikishuka, kwa kuwa huyo ndiye anayestahili malipo. Pasipo maandishi hayo, mwenye ng'ombe na mwenye zizi huomba wote wawili, namba za hereni zinagongana, na maombi yote mawili yanasimamishwa. Ukishalipwa usitupe kitu: CFAP iliwataka wafugaji kutunza kumbukumbu kwa miaka 3, na aliyeshindwa kuonyesha ushahidi alitakiwa kurudisha fedha.